Penye Wazee na Penye Katiba: Kukisoma Tena Kitabu cha Mwalimu, "Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania"

Utangulizi

Wahenga walisema: penye wazee haliharibiki neno. Methali hii imelifaa taifa letu mara nyingi, na katika maandishi ya siasa zetu ni machache yanayoionyesha nguvu yake kama kitabu kidogo cha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kilichochapwa Harare, Zimbabwe, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Toleo lake la Kiingereza lilitoka mwaka 1995. Makala haya yanakusudia kukipima kitabu hicho kama andiko la kujifunzia historia na taasisi za Jamhuri yetu. Swali letu ni moja: je, kitabu hiki kinatufundisha jinsi taasisi za jamhuri zinavyopaswa kufanya kazi, au kinatufundisha jinsi mzee mwenye heshima anavyoziokoa zinaposhindwa?

Swali hili linawahusu watumishi wa Kanisa, na hasa sisi tulio katika nyanda za kati. Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam. Baada ya tangazo la mwaka 2016 mambo yalikwenda kwa kasi. Dodoma ilipewa hadhi ya Jiji tarehe 26 Aprili 2018, sheria ya kuitangaza kuwa Makao Makuu ikapitishwa mwaka huo huo, na Aprili 2019 Mji wa Serikali ukafunguliwa Mtumba, kilomita zipatazo 17 mashariki ya mjini, kando ya barabara iendayo Morogoro. Mchungaji ahubiriye leo upande huu wa Dodoma anaweza kuwa na mkurugenzi wa wizara, dereva wake, karani, na mkulima wa mtama na uwele, wote katika benchi moja. Mmoja wao akimwuliza ni kitu gani hasa kinachoifanya Serikali iwe ya haki, hawezi kumjibu kwa kumsomea Warumi 13 peke yake. Yampasa aijue Jamhuri: ilivyoundwa, inavyotenda kazi, na mahali inapovuja.

Yaliyokuwa mezani

Kwa msomaji aliyezaliwa baada ya mambo haya, yafaa tuyakumbushe kwa ufupi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri mwaka mmoja baadaye, na ikaungana na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964. Muungano huo ulikuwa wa serikali mbili: Serikali ya Jamhuri ya Muungano, inayoshughulikia mambo ya Muungano pamoja na mambo yote ya Tanzania Bara, na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, inayoshughulikia mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano. Mwaka 1965 mfumo wa chama kimoja uliwekwa kisheria. Mwaka 1992, baada ya kazi ya Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, vyama vingi vikaruhusiwa tena.

Desemba mwaka huo huo Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, ingawa mambo ya nchi za nje ni ya Muungano. Ikajitoa Agosti 1993. Katika joto hilo wabunge 55 walikuja na hoja ya kutaka iundwe Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Serikali ilikuwa na sera ya serikali mbili, lakini badala ya kuitetea ilikubaliana na hoja hiyo baada ya kurekebishwa, na Bunge likaipitisha Agosti 1993.

Mwalimu wakati huo alikuwa amekwisha kuacha urais tangu mwaka 1985, na uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi tangu mwaka 1990. Alikuwa mwananchi na mwanachama, basi. Hata hivyo alisimama kupinga, na kitabu chake ndicho hati ya upinzani huo.

Hoja zake kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ya muundo. Anaeleza kwamba nchi mbili zinapoungana, kwa desturi huwa na serikali moja au huwa shirikisho la serikali tatu. Serikali moja ingefanya Zanzibar, iliyo ndogo, ionekane kuwa imemezwa. Serikali tatu zingeitwisha Tanganyika mzigo wa gharama za kuendesha serikali yake na kubeba sehemu kubwa ya ile ya shirikisho. Kwa hiyo waasisi wakachagua njia ya katikati. Hoja ya pili ni ya uongozi. Jambo linalogusa uhai wa nchi halibadilishwi na viongozi wachache bila kuwauliza wenye chama na wenye nchi. Na viongozi wakuu waliomwacha Rais afike mahali hapo sharti wawajibike. Anawataja waziwazi: Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba. Mwishoni mwa mwaka 1994 Rais Ali Hassan Mwinyi alilipanga upya Baraza lake, naye Cleopa Msuya akawa Waziri Mkuu. Chama nacho kikarudi katika msimamo wa serikali mbili.

Sifa za kitabu

Mhakiki asiyeanza na sifa za kitabu hiki hatendi haki. Kwanza, kimeandikwa kwa Kiswahili ambacho mtu wa kawaida anaweza kusomewa akakielewa. Habari za muundo wa dola, ambazo kwa kawaida hufungiwa katika lugha ya wanasheria, hapa zinaelezwa kama mzazi anavyowaeleza wanawe kwa nini nyumba ilijengwa na vyumba viwili. Wanafunzi wetu wanaodhani kwamba theolojia nzito haiwezi kusemwa kwa lugha nyepesi wangejifunza mengi kwa kuutazama mtindo huu.

Pili, kitabu kinakataa kuligeuza suala la OIC kuwa ugomvi wa dini. Miaka ile wapo Wakristo na Waislamu waliolisikia kama suala la nani atamtawala nani. Mwalimu, Mkristo Mkatoliki, analipima kwa kipimo cha Katiba: ni mamlaka gani yenye haki ya kuifunga nchi katika uhusiano na mataifa mengine? Huo ni mfano ambao mimbari zetu hazijaufuata sikuzote.

Tatu, kinasisitiza kwamba kuwajibika si sawa na kukiri kosa la jinai. Kiongozi huondoka kwa sababu jambo limeharibika chini ya dhamana yake. Historia yetu ilikuwa na mfano wa jambo hilo. Mwaka 1977 Mzee Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya vifo vya watuhumiwa waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza, ingawa yeye mwenyewe hakushiriki katika matendo hayo. Alipoteza uwaziri, lakini hakupoteza heshima. Miaka minane baadaye akawa Rais.

Upungufu wa kitabu

Hata hivyo, uzito wa kitabu unaelemea upande mmoja. Kinaita dhamiri za viongozi, wala hakitegemei sana vyombo vya Katiba vya kuwalazimisha. Tuitazame Katiba ya mwaka 1977 kama ilivyokuwa mwaka 1993. Ibara ya 53 ilikwisha kusema kwamba Mawaziri, chini ya Rais, wanawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Ibara ya 53A, iliyoongezwa mwaka 1992, ililipa Bunge uwezo wa kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Lakini Bunge lenye uwezo huo ndilo lililoipitisha hoja. Rais naye ndiye aliyemteua Waziri Mkuu, na kwa ibara ya 37 halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapoagiza hivyo. Basi hapakuwa na mlango wa kupitia. Mzee akaingia kwa dirisha, na kwa kuwa nyumba ilikuwa yake kwa kuijenga, hakuna aliyemzuia.

Wengi tumelisoma tukio hilo kama ushindi wa taasisi zetu. Lisomwe vizuri, nalo ni ushahidi wa udhaifu wake. Je, kama mzee angekuwa amekosea? Je, kama wangekuwapo wazee wawili wenye heshima sawa na maneno tofauti? Je, asipokuwapo? Kitabu hakina jibu la kutosha, maana nguvu yake yote inatoka katika jina lililo juu ya jalada. Maneno yaleyale yangeandikwa na mwalimu wa shule wa Kongwa, yasingemwondoa hata mwenyekiti wa kijiji.

Lipo na jambo jingine ambalo mhakiki hana budi kulisema kwa heshima. Nyumba hiyo iliyokosa milango aliijenga nani? Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 ilimpa Rais madaraka makubwa mno. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilitungwa mwaka huo huo wa 1962. Chama kimoja kikafuata mwaka 1965. Zipo sababu zilizotolewa kwa kila hatua, na umaskini na hofu za miaka ile hazikuwa za kubuni. Lakini mtu anayelalamika kwamba viongozi waliomfuata hawakuweza kuzuiwa alipaswa pia kuuliza ni kwa nini vizuizi vilikuwa vichache. Swali hilo halina nafasi yake stahiki katika kitabu hiki.

Tulinganishe na jambo lililotokea hapa hapa Dodoma miaka 14 baadaye. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Kamati ilileta taarifa yake bungeni Februari 2008, na tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Yeye alilalamika kwamba kamati haikumwita kumsikiliza, na lalamiko hilo linastahili kupimwa na kila apendaye haki. Hata hivyo tofauti iko wazi. Mwaka 1994 neno la mzee ndilo lililoutikisa uwaziri mkuu. Mwaka 2008 ilikuwa taarifa ya chombo cha Katiba, iliyosomwa hadharani, yenye ushahidi ambao mwananchi aweza kuukubali au kuubishia. Lalamiko la Lowassa lenyewe laonyesha ubora wa njia ya pili: chombo kikikosea utaratibu, tunaweza kukionyesha kosa lake na kuurekebisha utaratibu. Mzee akikosea, tutamrekebisha kwa kanuni ipi?

Mtu na huduma yake

Kanisa la Kilutheri lina chombo cha kulifikiria jambo hili. Katika karne ya nne Wadonato wa Afrika ya Kaskazini walifundisha kwamba sakramenti inayotolewa na mtumishi asiye mtakatifu si sakramenti. Kanisa lilikataa. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 8, linashika mafundisho hayohayo: huduma haibatiliki kwa uovu wa mhudumu. Kifungu cha 16 kinaongeza kwamba serikali na sheria zake ni kazi njema ya Mungu ambayo Mkristo aweza kuitumikia. Naye Luther, katika andiko lake la mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya kidunia, alionyesha pia mipaka ya mamlaka hiyo: haina amri juu ya roho.

Tukikisoma kitabu cha Mwalimu kwa mwanga huo, tunaona ndani yake mwelekeo wa Kidonato katika siasa. Jamhuri inaonekana kuwa salama viongozi wakiwa watu wema, na kuwa hatarini wakiwa dhaifu. Sisi tuliofundishwa juu ya dhambi ya asili tulipaswa kuwa wa kwanza kushtuka. Katiba hutungwa kwa kumtazamia mtu atakayeshika madaraka akiwa dhaifu, mwoga, au mwenye tamaa, ili hata huyo asiweze kuwadhuru watu kupita kiasi.

Lakini mfano huu una mpaka wake, nao usifichwe. Sakramenti husimama juu ya ahadi ya Kristo. Taasisi za dola hazina ahadi ya namna hiyo. Mhudumu mwovu hawezi kuuharibu Ubatizo, bali waziri mwovu aweza kuiharibu wizara. Kwa sababu hiyo dola inahitaji kile ambacho sakramenti haikihitaji: wakaguzi, mahakama huru, Bunge lisiloogopa, uchaguzi wa haki, na vipindi vya uongozi vyenye mwisho.

Maandiko yanatupa picha ya mzee aliyeelewa jambo hilo. Samweli alizeeka akawaweka wanawe kuwa waamuzi, nao wakala rushwa (1 Samweli 8). Heshima ya mzee haikurithiwa. Kabla ya kuondoka alifanya mambo mawili. Aliwaeleza watu desturi ya ufalme, akaiandika katika kitabu na kukiweka mbele za Bwana (1 Samweli 10:25). Kisha akasimama mbele ya mkutano, akawataka wamshuhudie kama alimdhulumu mtu yeyote (1 Samweli 12). Aliiacha kanuni iliyoandikwa, na alikubali kupimwa. Vivyo hivyo Kumbukumbu la Torati 17 humwagiza mfalme kujiandikia nakala ya sheria kutoka katika kitabu kilicho mbele ya makuhani, na kuisoma siku zote. Kazi ya makuhani hapo ni kuhakikisha kitabu kipo, nacho kinasomeka.

Swali liliporudi

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999. Swali la muundo wa Muungano halikuzikwa pamoja naye. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni ya wananchi, na katika rasimu zake za mwaka 2013 ikapendekeza serikali tatu. Bunge Maalumu la Katiba lilikutana Dodoma mwaka 2014. Wajumbe wa upinzani walitoka mwezi Aprili. Waliobaki wakaipitisha Oktoba Katiba Inayopendekezwa, yenye serikali mbili. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, wala haijafanyika.

Katika mabishano yale jina la Mwalimu lilitajwa mno. Kitabu kilichoandikwa ili kutetea haki ya wananchi kuulizwa kikatumiwa na wengine kufunga mjadala wa wananchi waliokwisha kuulizwa. Hapo ndipo tunapouona upungufu wa neno la mzee lisilo na chombo: mwenyewe akiisha kuondoka, kila mtu huchukua neno lake na kulipeleka atakako. Mtu aweza kuamini, pamoja na Mwalimu, kwamba serikali mbili ndizo bora, na bado akasikitika kwamba jambo hili halijaamuliwa na kura ya wenye nchi.

Gharama ya vyombo kutoaminiwa tumeiona. Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025 ulifuatwa na ghasia, vifo na amri ya kutotoka nje, na baadaye Tume ya uchunguzi ikaundwa. Mchungaji aliyezika au kufariji wafiwa hahitaji kuelezwa kwamba masomo ya Katiba si anasa ya wasomi.

Kanisa letu nalo lijipime. Maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bagamoyo mwaka 1994, na mwaka 2018 wakatoa waraka wa Pasaka, Taifa Letu, Amani Yetu, uliogusa pia suala la Katiba mpya na kuzua mvutano na ofisi ya serikali. Nyaraka hizo ni za heshima. Lakini ziliposomwa siku ya ibada, ni sharika ngapi zilizoendelea kuzisoma juma lililofuata, Katiba ikiwa mezani? Sisi nasi tumeridhika kwamba wazee wetu wamesema.

Ushauri kwa wanaofundisha

Sisemi kitabu cha Mwalimu kiondolewe katika masomo yetu. Kinyume chake, nasema kisomwe chote, si kwa dondoo za sherehe za Oktoba. Kisomwe pamoja na Katiba yenyewe, ambayo ipo kwa Kiswahili, hasa ibara za 8, 37, 46A, 53, 53A na 98. Kwa kila tukio linalosimuliwa mwanafunzi aulize mambo manne: ni chombo gani kilichokuwa na wajibu wa kutenda? Kilitenda? Kama hakikutenda, kilizuiwa na sheria au na woga? Na ni badiliko gani la sheria au la mwenendo ambalo lingekiwezesha?

Swali la tatu ndilo litakalomrudisha mwanafunzi kwenye mimbari. Panapohitajika sheria, Kanisa litasema pamoja na raia wengine, bila kujifanya chama. Lakini pakiwa na woga, hiyo ni kazi yetu hasa. Mhasibu wa Mtumba anayeletewa hati ya malipo isiyo halali hahitaji kwanza Mwalimu afufuke aandike kitabu kingine. Anahitaji kujua kanuni inayompa haki ya kukataa kutia sahihi, mkubwa wa kazi anayeiheshimu kanuni hiyo, na mchungaji aliyekwisha kumfundisha, kabla ya siku hiyo kufika, kwamba meza yake ni mahali pa wito wake mbele za Mungu.